Nguo Nyuma ya Kioo



Wiki hii sitazungumza juu ya bei ya unga, wala foleni za magari, wala maji yaliyokatika. Nitazungumza juu ya nguo. Najua watakuwapo wenye kuguna: mtu mzima na mvi zake, afike mpaka Washington, mji mkuu wa Marekani, halafu arudi na habari za viatu vya msichana wa sinema! Wagune tu. Nadhani tukifika mwisho wa mazungumzo haya tutakuwa tumeelewana, maana nguo ni jambo kubwa kuliko tunavyolidhania. Mtu akizaliwa hupokelewa kwa kitambaa, na akifa husindikizwa kwa kitambaa. Katikati ya vitambaa hivyo viwili ndimo tunamocheza mchezo wetu wote.

Ilikuwa mwaka 2023. Katikati ya mji ule pana uwanja mrefu wa majani, na kandokando yake yamepangwa majumba ya makumbusho ya taasisi iitwayo Smithsonian. Kuingia ni bure, tajiri kwa maskini, mwenyeji kwa mgeni. Majumba mawili kati ya hayo yanatazamana, na kinachoyatenga ni barabara moja tu, Barabara ya 14. La kwanza ni Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani. La pili ni Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, jengo la rangi ya shaba lililofunguliwa mwaka 2016. Mimi nilianza na la kwanza asubuhi, nikavuka barabara alasiri nikaingia la pili. Na katika majumba yote mawili kilichonisimamisha hakikuwa mizinga wala magari ya zamani. Kilikuwa ni nguo za watu wa sinema na televisheni, zimewekwa ndani ya makabati ya kioo, unazisogelea mpaka pumzi yako inakaribia kuacha ukungu juu ya kioo.

Tuanze na viatu. Wazee wa mjini waliokuwa wakienda kuangalia picha wanaikumbuka filamu iitwayo The Wizard of Oz, ya mwaka 1939. Binti wa shamba, Dorothy, anachukuliwa na kimbunga pamoja na nyumba yao mpaka nchi ya ajabu, na kumbe viatu vyekundu alivyovishwa huko ndivyo vyenye uwezo wa kumrudisha kwao. Aliyecheza kama Dorothy ni Judy Garland, msichana wa miaka 16 wakati huo. Viatu hivyo ndivyo vilivyomo katika kabati lile, na mbele yake watu hawaishi.

Jambo la kwanza unaloliona ni kwamba ni vidogo. Kwenye pazia la sinema mguu wa Dorothy ulikuwa mkubwa kama mtumbwi. Hapa ni mguu wa msichana, basi. Jambo la pili ni rangi. Si ule wekundu wa pilipili unaouona katika filamu. Ni wekundu uliozama, unaoelekea damu ya mzee. Sababu yake ni kwamba filamu za rangi za siku zile, zilizopigwa kwa ufundi ulioitwa Technicolor, zilikuwa na tabia zake. Ungeweka wekundu mkali mbele ya kamera ile na zile taa zake kali, pazia lingeonyesha rangi ya chungwa. Kwa hiyo mafundi walitia giza katika kiatu ili watazamaji wapate mwanga. Hata ile blauzi ya Dorothy chini ya gauni la madrafti ya buluu, ambayo sisi sote tuliiona nyeupe, haikuwa nyeupe. Ilikuwa na uwaridi wa mbali, maana nyeupe halisi haikukaa vizuri mbele ya kamera. Tena katika kitabu kilichozaa filamu hiyo, kilichotoka mwaka 1900, viatu vile ni vya fedha. Waliotengeneza filamu walivigeuza vyekundu kwa kuwa walikuwa na rangi mkononi na walitaka rangi hiyo ionekane.

Sasa inama utazame vizuri zaidi. Kiatu chenyewe ni kiatu cha kawaida. Kilichokifanya kiwe cha ajabu ni vipande vidogo vya duara vinavyometameta, kama vile ambavyo mafundi wetu hushonea magauni ya harusi. Kila kiatu kina zaidi ya vipande 2,000. Na kila kimoja kilipitiwa na sindano ya mtu. Soli nazo zilibandikwa kitambaa kizito cha sufu ili Dorothy anapocheza juu ya mbao mlio wa visigino usiingie katika vinasa sauti.

Aliyechora mavazi ya filamu ile anajulikana. Ni Gilbert Adrian, mkuu wa mavazi wa kampuni ya MGM, na jina lake limo katika maandishi yanayopita mwanzoni mwa picha. Lakini majina ya wale walioshika sindano hayamo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawakutuambia kwamba mara nyingi aliyeunda hatajwi, na chombo kikishatia nanga anayepigiwa makofi ni nahodha.

Nimelisema hili kwa sababu mbele ya kabati lile mtu anayejua kidogo habari za ushonaji huona kitu ambacho pazia la sinema halikumwonyesha. Pazia humwonyesha Dorothy, na kioo humwonyesha fundi. Ukiwa umbali wa shubiri moja, uchawi unaondoka na kazi inabaki. Nami nasema kazi ile inastaajabisha kuliko uchawi.

Lakini, ndugu wasikilizaji, habari ya kusikitisha ni namna viatu vile vilivyofika pale.

Kwa miaka mingi kampuni za sinema za Hollywood hazikuzihesabu nguo hizi kuwa mali ya kuhifadhi. Zilikuwa vifaa vya kazi, kama misumari na rangi. Gauni la malkia wa filamu hii lilipunguzwa kiuno, likaongezwa pindo, likawa gauni la mfanyabiashara wa filamu ijayo. Lililochakaa lilitupwa. Ilipofika mwaka 1970, MGM, ambayo ilikuwa imekwisha kuyumba kifedha, iliuza kwa mnada nguo na vyombo vilivyojaza maghala yake. Mnada uliendelea kwa wiki kadhaa. Viatu vyekundu vya Dorothy, jozi moja, viliuzwa kwa dola 15,000, na watu wakashangaa kwamba kuna mwenye akili timamu anayeweza kutoa fedha nyingi kiasi hicho kwa viatu vilivyokwisha kuvaliwa.

Wengi walidhani jozi ilikuwa hiyo moja. Kumbe zilitengenezwa kadhaa, na mfanyakazi mmoja wa mavazi alikuwa amezikuta katika ghala na kujiwekea baadhi yake. Leo zinajulikana jozi nne zilizotumika katika filamu. Moja ilitolewa zawadi kwa Smithsonian mwaka 1979 na mtu aliyekataa kutajwa jina, na ndiyo hiyo niliyoiona. Nyingine iliibwa usiku mmoja mwaka 2005 katika makumbusho ya mji mdogo wa Grand Rapids, jimbo la Minnesota, mahali alipozaliwa Judy Garland. Mwizi alivunja kioo, akachukua, akatokomea. Polisi wa FBI walivipata mwaka 2018, miaka 13 baadaye. Na aliyeviiba, mzee aliyekiri kosa lake mahakamani mwaka 2023, alikuwa amedhani kwamba vile vipande vyekundu ni vito vya thamani. Alipoambiwa ni vya bandia, alivitoa mikononi mwake haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mwezi Desemba 2024 viatu hivyo hivyo viliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 28, kabla ya kuongezwa ada. Mwizi alivunja kioo akitafuta mali, akawa na mali mkononi, akaiona takataka. Sijui kama kuna mfano ulio bora kuliko huo wa kutuonyesha kwamba thamani ya kitu haiko katika kitu chenyewe tu. Iko pia katika kukijua.

Kuna kichekesho kimoja zaidi. Vile vilivyoibwa vilipopelekwa kwa wataalamu wa Smithsonian ili vichunguzwe kama ni vya kweli, wataalamu waligundua kwamba jozi hizo mbili zilikuwa zimechanganywa. Cha kushoto cha huku kilikuwa mwenzake cha kulia cha kule. Ndugu wanne walikuwa wameozeshwa wake kwa waume wasio wao, na wakaishi hivyo miongo mizima bila mtu kujua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na isipopotea, huchanganyika.

Yuko mwanamke mmoja aliyejaribu kuzuia upotevu huo. Ni Debbie Reynolds, mcheza sinema aliyepata sifa kwa filamu ya Singin' in the Rain ya mwaka 1952. Katika mnada ule wa 1970 alinunua nguo kwa mamia kwa fedha zake mwenyewe. Akazitunza, na kwa miaka 40 akahangaika kutafuta nyumba ya kuziweka ili watu wote wazione. Hakufanikiwa. Mwaka 2011 madeni yalimlazimisha kuziuza. Lile gauni jeupe la Marilyn Monroe, linalopeperushwa na upepo wa chini ya barabara katika filamu ya The Seven Year Itch ya mwaka 1955, lilifikia dola milioni 4.6 bila ada. Vitu vikatawanyika duniani. Reynolds alifariki mwaka 2016. Makumbusho makubwa ya sinema yakaja kufunguliwa Los Angeles mwaka 2021, miaka kumi baada ya mnada wake na mitano baada ya kuzikwa kwake. Nchi tajiri kuliko zote duniani, yenye biashara ya sinema kubwa kuliko zote, ilimwacha bibi mmoja abebe kumbukumbu yake mgongoni, na mgongo ulipochoka kumbukumbu ikaenda sokoni.

Hata viatu vya Smithsonian vilihitaji msaada. Vile vipande vya kumetameta vina gelatini ndani yake, ambayo adui yake ni unyevu, na rangi yake adui yake ni mwanga. Mwaka 2016 makumbusho iliomba wananchi wachange dola 300,000 ili vichunguzwe, visafishwe na kutengenezewa kabati maalumu. Watu zaidi ya 6,000 walichanga, wengi kidogo kidogo, na lengo likafikiwa ndani ya wiki moja. Hilo nalipigia makofi. Watu hawakuombwa wachangie harusi wala kampeni. Waliombwa wachangie viatu vya kuukuu, wakaona ni haki.

Baada ya hapo nikavuka barabara.

Katika lile jengo la rangi ya shaba palikuwa na maonyesho yaliyofunguliwa mwezi Machi mwaka ule wa 2023, juu ya namna watu weusi wa Marekani walivyoiwaza kesho yao: katika vitabu, muziki, sinema na michezo ya televisheni. Na humo ndani nikakutana na vazi jingine jekundu. Safari hii lilikuwa gauni la sare, la mwanamke wa chombo cha angani katika mchezo wa televisheni wa Star Trek ulioanza mwaka 1966. Mwenye sare hiyo katika mchezo aliitwa Luteni Uhura.

Ndugu wasikilizaji, lisikilizeni hilo jina tena. Uhura. Limetoka katika neno letu, uhuru. Mchezaji mwenyewe, Nichelle Nichols, alieleza kwamba siku alipokwenda kutafuta kazi ile alikuwa na kitabu cha Mmarekani mmoja juu ya Kenya, chenye jina Uhuru. Wenye mchezo wakalipenda neno, wakaona ni zito mno kwa jina la mwanamke, wakabadili irabu ya mwisho. Miaka hiyo neno hilo lilikuwa bado la moto huku kwetu: Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Lilipigiwa kelele na watu waliokuwa wakisimama juani bila viatu. Haikupita miaka mitano baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, likawa limefika angani katika televisheni ya Marekani, limevaa gauni jekundu.

Na hilo gauni lilifanya kazi. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba baada ya mwaka wa kwanza alitaka kuacha, maana sehemu yake ilikuwa ndogo, na kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King. King alimwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu wanamwona mwanamke mweusi asiye mtumishi wa jikoni, mwenye cheo na elimu, anayekaa sawa na wenzake. Akabaki. Kuanzia mwaka 1977 shirika la Marekani la safari za anga, NASA, lilimtumia kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kazi ya urubani wa anga. Na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, alisema wazi kwamba utotoni alimtazama Uhura. Nguo ya mchezo, iliyoshonwa kwa bei ndogo kwa ajili ya televisheni, ilimwonyesha mtoto mahali pa kwenda. Nichols alifariki mwaka 2022. Gauni lipo.

Hatua chache kutoka hapo lilikuwapo vazi jeusi la Black Panther lililovaliwa na Chadwick Boseman, aliyefariki mwaka 2020 kwa saratani akiwa na umri wa miaka 43. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 wengi wenu mmeiona, na humo yumo binti wa Kenya, Lupita Nyong'o. Mavazi yake yalibuniwa na Ruth Carter, na yalimpatia tuzo ya Oscar mwaka 2019, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa kazi ya mavazi. Mwaka 2023 akaipata tena kwa filamu iliyofuata. Carter hakuficha alikochota. Wale askari wanawake wa mfalme wana wekundu na shanga za Kimasai, na pete za shingoni kama za Wandebele. Walinzi wa mpakani wamejitanda mablanketi ya Wabasotho. Kofia ya mama mfalme ni ya wanawake wa Kizulu walioolewa, ila hiyo ilitengenezwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, inayojenga kitu tabaka kwa tabaka.

Nilimsikia kijana mmoja karibu yangu akimwambia mwenzake kwamba nchi ile ya katika filamu ni ya kubuni. Ni kweli, nchi ni ya kubuni. Lakini wekundu ule si wa kubuni. Uko Ngorongoro, uko Kajiado, unachunga ng'ombe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na mwisho wa methali hiyo mnaujua wenyewe. Lakini mwenye nguo naye ana la kujiuliza. Mgeni akiazima, akashona vizuri, akakutaja jina, akapewa tuzo na nguo ikawekwa katika kabati, kosa halijatendeka. Swali linalobaki ni la mwenye nguo: je, yeye mwenyewe ameweka wapi ya kwake?

Nitafika huko. Lakini kwanza kuna vazi moja la mwisho, na hili halikuwa la sinema.

Katika maonyesho yale yale, pamoja na Uhura na Black Panther, palikuwa na ovaroli ya rubani. Ilikuwa ya mvulana aliyeitwa Trayvon Martin, aliyepigwa risasi na kuuawa Florida mwezi Februari 2012, hana silaha, akiwa na umri wa miaka 17. Mauaji yake yalitikisa Marekani nzima. Wengi wetu tulimjua kwa picha ya kijana mwenye kofia ya sweta kichwani. Ovaroli hii aliipata katika mafunzo ya vijana juu ya mambo ya ndege. Alipenda ndege. Alitamani kuruka.

Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Nguo zote nilizokuwa nimeziona siku ile zilivaliwa na watu waliojifanya. Judy Garland hakuchukuliwa na kimbunga. Nichols hakuongoza mawasiliano ya chombo cha angani. Boseman hakuwa mfalme. Huyu hakuwa akijifanya. Alikuwa akijaribu nguo ya kazi aliyokusudia kuifanya kweli. Na wale wa kujifanya nguo zao zimemaliza kazi yake, filamu zimeisha, wamepigiwa makofi. Ya huyu imebaki mpya. Nguo ya sinema ikiwa ndani ya kioo inakwambia, tazama yaliyofanyika. Ovaroli ile inakwambia, tazama yasiyofanyika.

Waliopanga maonyesho wangeweza kuiweka chumba kingine, chumba cha huzuni, pamoja na habari za mauaji. Wao waliiweka na Uhura. Nadhani walikuwa sahihi kabisa. Mtoto yule hakuwa habari ya polisi tu. Alikuwa mtu mwenye kesho kichwani mwake, na ushahidi ni kwamba kesho hiyo alikuwa amekwisha kuivalia nguo.

Sasa, turudi kwetu.

Makumbusho tunazo, na hazikosi vitu. Butiama kuna makumbusho yenye vitu vya Mwalimu Nyerere. Nairobi, nyumba ya Karen Blixen ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, na baadhi ya vyombo vyake vilitoka katika filamu ya Out of Africa iliyotolewa mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo kutunza tunajua. Viongozi tunawatunzia. Wageni waliotujia tunawatunzia. Ninaowaulizia mimi ni wale waliotuchekesha, waliotuliza na waliotuchezesha.

Tazameni bendi za dansi zilizotupigia muziki tangu siku za uhuru. Kila bendi ilikuwa na sare yake: mashati ya maua, suruali za bwaga, viatu vya kisigino kirefu, na fundi fulani wa mtaani aliyekesha akishonea watu kumi na wawili onyesho la Jumamosi. Tazameni vikundi vya taarabu, jinsi akina mama wanavyoingia jukwaani na magauni ya nakshi ambayo hayarudiwi. Tazameni wachezaji wetu wa maigizo, kuanzia wale wa majukwaani hadi wa televisheni na filamu za mtaani: koti kubwa la mchekeshaji, suruali iliyofungwa kamba, kofia iliyobonyea. Mtoto wa mjini akiliona koti lile gizani angelitambua kabla ya kuona uso. Katika nchi nyingine koti hilo lingekuwa ndani ya kioo, na watoto wa shule wangepangwa mstari kwenda kulitazama.

Kwetu njia ya koti hilo inajulikana. Msanii akifa, tunamzika kwa heshima na hotuba. Siku ya arobaini ikifika, au siku ya matanga kuanuliwa, nguo zinagawiwa. Mpwa anachukua koti, kwa sababu ni zuri, na anakwenda nalo kazini. Likichanika linakuwa la shamba, kisha linakuwa tambara la kufutia baiskeli. Simlaumu mpwa. Desturi ya kugawa nguo za marehemu ni desturi ya upendo, na nguo inayovaliwa ni bora kuliko inayoliwa na nondo. Nasema tu kwamba katika sanduku zima, moja ingebaki.

Wako watakaosema fedha hazipo, kabati la kioo ni ghali, na umeme wa kupoza chumba ni ghali zaidi. Ni kweli. Lakini wale Wamarekani hawakupoteza vitu vyao mwaka 1970 kwa kukosa fedha za makabati. Walivipoteza kwa sababu mtu mwenye mamlaka aliviangalia akaona makorokoro. Umaskini wa kwanza ulikuwa wa macho. Na dawa ya umaskini huo haina gharama kubwa. Inahitaji sanduku lisiloingiza maji, shuka safi ya pamba ya kufungia, mahali pasipo jua wala panya, na karatasi.

Hiyo karatasi ndiyo ninayoihimiza kuliko vingine vyote. Gauni lisilo na maelezo, baada ya miaka thelathini, ni gauni tu, na lile la bei rahisi sokoni litalishinda kwa upya wake. Gauni lenye karatasi ni historia. Kwa hiyo, wewe uliye na mama aliyeimba taarabu, na wewe ambaye baba yako alipiga gitaa, na wewe ambaye mjomba wako alichekesha watu redioni na jukwaani, usingoje makumbusho ije kubisha hodi. Chagua vazi moja. Usilifue kwa sabuni kali, wala usilipige pasi likameremeta. Jasho lake ni sehemu ya habari yake. Kaa na wazee walio hai uandike: nguo hii ilivaliwa na nani, katika onyesho gani, mwaka gani, mji gani.

Halafu ongeza mstari mmoja ambao Hollywood ya mwaka 1939 haikuuandika. Andika jina la fundi aliyeishona, na mtaa aliokuwa ameweka cherehani yake.